Sikutaja Jina

Columbia Heights
Jumamosi mchana, Agosti 1998

Nekesa mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, maana nimekuona leo asubuhi ukila mkate umesimama, viatu mguuni, ukilalamika kwamba baba yako anachelewa kuwasha gari. Sasa uko Hopkins unasukwa. Kwa wingi wa nywele zako na wingi wa maneno ya yule msusi, najua nina saa tano nzima peke yangu, na nimeamua kuzitumia kukuandikia. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya lile begi la shuka, uikute ukiwa umeshafika chuoni Iowa na baba yako ameshageuza gari kurudi.

Naandika kwa Kiswahili. Ukinijibu, utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, na ni sawa. Soma polepole. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita kwa miaka tisa kabla ya kuja huku Marekani kuogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee ya Coon Rapids, na kuna mambo ambayo nikiyasema kwa Kiingereza nasikika kama mtu anayejaza fomu.

Kuhusu koti la baridi, dawa ya kikohozi na kufunga mlango, sisemi kitu. Baba yako ameandika kurasa mbili na kuzibandika kwenye friji, na kesho asubuhi atazibandua akusomee tena kwa sauti. Iowa yenyewe hainitishi. Nasikia ni mahindi mpaka macho yachoke, kwa hiyo utadhani uko Bungoma, ila hakuna jirani wa kukuita chai.

Nataka kuzungumza juu ya siku ile ndani ya gari.

Ni wiki tatu sasa. Ulikuja kunichukua kazini, ukiendesha wewe, leseni yako haijamaliza hata mwezi. Tulikuwa tumesimama kwenye taa. Ukasema bila kunitazama, "Mum, you remember Simiyu?" Nikasema namkumbuka. Ukasema, "Mimi niko kama Simiyu." Ulilisema kwa Kiswahili, wewe ambaye hata chumvi huiombi kwa Kiswahili.

Na mimi nikasema, "Angalia barabara."

Hayo ndiyo maneno yote niliyokupa. Tulipofika nyumbani uliegesha gari vizuri kabisa, nami nikakusifu kwa kuegesha. Tangu hapo tumeongea kuhusu shuka, sufuria ndogo na picha za pasipoti. Nimekuona ukiingia jikoni na kutoka, ukifungua kabati usilolihitaji, ukinipa nafasi niseme jambo. Najua unaamini ulinichukiza. Hukunichukiza. Ulitaja jina ambalo sijalitamka kwa sauti nyumbani humu kwa karibu miaka sita, na nilinyamaza kwa sababu ya jambo nililolifanya mimi. Wewe unajua nusu yake. Nusu nyingine ndiyo hii.

Unakumbuka Simiyu alivyokuwa akilala kwenye kochi letu la kijani, miguu ikitokeza upande wa pili. Mama yake alikuwa mwalimu mwenzangu kule nyumbani. Madarasa yetu yalipakana, na chaki zikiniishia nilikuwa nabisha ukutani ananiletea. Simiyu alipopata nafasi ya kusoma uhandisi kwenye chuo kikuu cha hapa, mama yake aliniandikia mstari mmoja tu juu yake: "Nakukabidhi mtoto." Akakaa nasi mwaka mmoja na nusu. Ndiye aliyekufundisha kugawanya sehemu, maana mimi na baba yako tulishindwa. Na kwenye ushirika wetu wa Jumapili, akina mama walikuwa hawaketi chini kabla ya kumpa Simiyu watoto wao wachanga. Alikuwa akimweka mtoto begani, anatembea naye hatua nne kwenda na nne kurudi, na mtoto analala.

Alhamisi moja ya baridi tulikuwa chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, mimi na yeye, tunakunja nguo. Alikuwa ameshika shati la baba yako. Akaniambia kwamba yeye anapenda wanaume. Alisema amelijua hilo tangu shule ya msingi, na ameomba, amefunga, na hata alijaribu kuwa na msichana mmoja ambaye alimwonea huruma sana. Halafu akasema, "Auntie, tafadhali usimwambie mtu." Nikamwambia sitamwambia mtu. Nilimaanisha. Nilimshika mkono, nikamaliza kukunja soksi, nikapanda juu kupika ugali.

Siku tatu baadaye ilikuwa Jumapili.

Ushirika wa Wakenya ulikuwa mdogo wakati ule, watu thelathini hivi ukihesabu na watoto, na tulikutana kwa zamu katika nyumba za watu. Utaratibu unaujua. Kabla ya chakula tunazunguka chumba, kila mtu mzima anatoa ombi lake, kisha tunafumba macho na kuombeana. Mtu asiye na ombi huonekana ana kiburi. Nimewahi kusikia gia ya gari ikiombewa kwa machozi. Na kwa mambo mazito tulikuwa na njia yetu: unaeleza shida ya mwenzako bila kutaja jina lake. Hiyo tuliiona ndiyo heshima yenyewe. Tulikuwa tumeombea ndoa za watu, ulevi wa watu na makaratasi ya uhamiaji ya watu, yote bila jina, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kulala bila kujua ni nani.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nilikuwa nimebeba neno la Simiyu siku tatu na lilikuwa limenilemea, nakiri. Nilijiambia kwamba kumwambia Mungu si kumwambia mtu. Nikasema, "Ndugu, nina mzigo. Kuna kijana wetu, sitataja jina, ana mwelekeo wa kupenda wanaume wenzake. Tumwombee afunguliwe."

Kwenye ushirika kulikuwa na vijana wanne. Wawili walikuwa wameoa na wake zao walikuwa wamekaa pale pale. Wa tatu alikuwa na mchumba Nairobi ambaye alimtaja kila baada ya dakika mbili. Wa nne alikuwa ameketi karibu na mlango, mtoto wa Mama Mueni begani mwake.

Tukafumba macho. Waliomba kwa nguvu sana siku hiyo. Tulipofumbua, Mama Mueni alikuwa ameshasimama mbele yake, mikono imenyooshwa, anataka mtoto wake. Simiyu akampa. Hakuniangalia. Tulikula wali, tukarudi nyumbani wote kwenye gari moja, wewe katikati yetu umelala.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyempa mtoto. Na Jumapili hiyo hiyo Baba Mueni, ambaye unajua hawezi kuona sahani ya chakula bila kutafuta wa kumtania, alimwita "Bi Simiyu". Alisema, "Bi Simiyu, hebu utukarangie chapati, wewe ndiye mwenye mikono." Watu wakacheka. Baba yako alicheka. Jina likashika. Baada ya wiki chache hata watu wasiokuwa na ubaya wowote walilitumia, wakidhani ni utani uliozoeleka, na Simiyu alitabasamu kila mara. Nilimwona akitabasamu nikajiambia kwamba amelichukulia vizuri. Mtu anayefanya kazi ya kutazama nyuso za wagonjwa kutwa angepaswa kujua zaidi ya hapo.

Sasa nafika pale ambapo wewe umepakumbuka. Siku ile kwenye gari, baada ya mimi kusema "Angalia barabara", ulisema kitu kingine kwa sauti ya chini, ukadhani sikukusikia. Ulisema, "I called him that." Nilikusikia.

Ni kweli ulimwita hivyo. Ilikuwa hapa kwetu, mezani hapa ninapoandika. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulisema, "Bi Simiyu, pass the chapati," ukatuangalia uone kama tutacheka. Simiyu akakupa chapati. Alikupa ile ya juu, iliyokuwa bado ya moto, na mimi nikacheka.

Nekesa, nataka jambo hili uliweke mahali pake. Mtu mzima mezani pale nilikuwa mimi. Jina ulilipata kwa watu wazima, na ulipolijaribu ulitazama uso wangu kwanza, nami nikakuonyesha meno. Ningekunja uso mara moja tu, ungeliacha. Ukiwa unambebea Simiyu hatia, nipe. Umeibeba miaka yote hii na haikuwa yako.

Yaliyofuata hukuyaona. Mtu fulani wa ushirika, mpaka leo sijui ni nani na nimeacha kutafuta, alipiga simu nyumbani. Habari ikafika kwa babake Simiyu kabla ya Pasaka. Alimwandikia mwanawe asirudi, na nyanya yake alipofariki mwaka huo akatumiwa neno kwamba asije hata kwenye matanga. Mama yake aliniandikia mimi. Barua ilikuwa fupi. Hakunitukana. Aliuliza tu kama kweli mimi ndiye niliyesema, kwa sababu yeye alikuwa amewaambia watu kwamba haiwezekani, Mwalimu hawezi. Sikumjibu. Niliiweka barua ndani ya Biblia, kisha nikawa siifungui Biblia sehemu ile.

Simiyu alihamia chumba karibu na chuo. Wewe tulikuambia kwamba anataka kuwa karibu na maktaba. Baba yako alimsaidia kubeba masanduku, akarudi akasema chumba ni kizuri, kina dirisha. Kwa miezi minne sikwenda kumwona. Kutoka hapa ni basi moja tu, hata kubadilisha hubadilishi. Nilikuwa na shifti, nilikuwa na wewe, nilikuwa na mafua. Nilikuwa na aibu, ndilo jibu.

Halafu Februari nikapigiwa simu kutoka hospitali. Mwanamke akaniuliza kama mimi ni ndugu wa kijana huyu, kwa sababu kwenye karatasi zake za chuo, pale pa mtu wa kuarifiwa, palikuwa na jina langu. Alikuwa ameliandika siku ya kwanza alipofika Marekani na hakulifuta. Alikuwa amejaribu kujiua. Mwenzake wa chumba alimkuta mapema. Akapona.

Nilikwenda na uji kwenye chupa ya chai. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Alikuwa ameketi kitandani, amekonda, anatazama maegesho ya magari. Nilimmiminia uji akauweka pembeni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye basi, na yote nikayasahau. Yeye ndiye aliyeanza.

"Auntie, ulisema hutataja jina."

"Sikutaja."

"Ndiyo," akasema. "Hukutaja."

Nilikaa saa moja. Niliporudi nyumbani wewe uliniuliza uji umeenda wapi, nikakuambia ulimwagika.

Chuo alikuja kukimalizia katika jimbo jingine, mbali, magharibi. Mwanafunzi mmoja aliyesoma naye aliniambia anafanya kazi ya madaraja na ana watu wake. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nimemwandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilirudi. Ya pili haikurudi, kwa hiyo labda aliipata. Hajajibu, na sidhani atajibu. Nilitamani sana anisamehe, na kwa muda mrefu nilidhani hadithi yangu haitakuwa na mwisho mpaka afanye hivyo. Sasa naona kwamba hata huko ni kumpa kazi nyingine ya kunitunza mimi.

Mama yake nilimjibu hatimaye, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Nilimwambia ni mimi. Naye hajaandika.

Usinione kama mtu aliyeamka siku moja akiwa mwingine. Niliendelea kwenda ushirika. Nimekaa meza moja na Baba Mueni miaka yote hii. Niliacha tu kutoa maombi ya watu wengine, na mara mbili tatu utani wa aina ile ulipoanza, nilinyanyuka nikaenda kuosha vyombo. Hiyo ilikuwa njia yangu ya kupinga. Vyombo vilikuwa safi sana na utani uliendelea.

Kazini nilijifunza kidogo zaidi, kwa sababu kazini mtu analazimika kutazama. Tulikuwa na mzee mmoja, seremala mstaafu, na kila siku saa nne alikuja mzee mwenzake kumnyoa ndevu. Kwenye karatasi zetu aliandikwa "rafiki". Walikuwa wameishi nyumba moja miaka thelathini na kitu. Siku hali ilipokuwa mbaya walikuja wapwa kutoka sijui wapi, wakafunga mlango, na yule mzee akabaki kwenye ukumbi amesimama, wembe na taulo mkononi. Nilimletea kiti, nikakaa naye mpaka shifti yangu ikaisha. Aliniambia mwenzake hapendi kunyolewa chini ya kidevu kwanza. Ningeweza kugonga ule mlango, na sikugonga. Naliwaza mpaka leo, na nilipokuwa nakaa naye pale nilikuwa namwona Simiyu akizeeka.

Wewe sikukuona. Hilo linaniuma kuliko yote, na nalitaja wazi. Mwaka ule wa pili wa high school ulikuwa unarudi na chakula chako kama nilivyokifunga. Nikadhani ni mambo ya wasichana ya kutaka kukonda, nikakupunguzia wali. Baadaye mwalimu wako akanitajia kwa kupita kwamba unapenda sana maktaba, kwamba unakaa humo kila saa ya chakula. Nikajivunia. Nilimwambia Mama Mueni mwanangu ni msomaji. Sasa najiuliza walikuwa wanakuita jina gani huko mezani, mpaka ukaona afadhali kushinda njaa. Huna lazima ya kuniambia. Siku ukitaka, nitakusikiliza na sitakuambia uangalie barabara.

Utaniuliza kuhusu kanisa, kwa sababu unanijua. Sijamaliza. Nasoma, nafunga kitabu, nafungua tena. Nikikuambia nimeyapatanisha yote nitakuwa mwongo, na wewe unajua nikidanganya sikio langu linawasha. Lakini nilikosea mara moja kwa kudhani kwamba lazima kwanza nipate jibu ndipo nijue namna ya kumtendea mtu aliye mbele yangu. Simiyu hakuniomba jibu. Aliomba ninyamaze na niendelee kumpenda, na yote mawili ningeyaweza.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, limechelewa wiki tatu. Nimekusikia. Nakupenda kama ulivyokuwa asubuhi ya siku ile kabla hujasema, na usiku wake baada ya kusema. Ukimpata mtu, nitataka kujua jina lake, anakula nini, na kama ana adabu. Ukiumizwa na mtu, nitataka kujua pia. Sitakuombea ufunguliwe. Sioni umefungwa wapi, isipokuwa pale tulipokufunga sisi.

Mama Mueni amepiga simu nikiwa katikati ya barua hii. Unajua kesho saa tatu ushirika wanakuja kukuombea safari kabla hamjaondoka. Alitaka kupanga. Akaniuliza, "Sasa Mama Nekesa, tumwombee nini hasa huyu mtoto?"

Nikamwambia, "Barabara. Baba yake haoni vizuri kwenye mvua."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akasema, "Nimekuwa nikimwangalia Nekesa. Huyu msichana hana boyfriend, hana stori za wavulana, na anaenda mbali. Kama kuna kitu, wewe sema tu. Si lazima utaje jina."

Nikamwambia, "Mama Mueni, mara ya mwisho nilipoacha kutaja jina, mtoto wa mwalimu mwenzangu alitaka kufa. Kesho mkija muombee barabara. Na Baba Mueni akimpa mwanangu jina lolote, hata la kucheka, mtakula chakula chenu kwenye gari." Akasema haki ya Mungu hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia najua, hata mimi sikuwa nayo. Akasema atanipigia baadaye. Sidhani. Ni rafiki yangu wa miaka minane na huenda nimempoteza leo, na imeniuma, lakini nimerudi hapa mezani nikashika kalamu.

Limebaki la baba yako.

Hajui. Sikumwambia, wala sitamwambia, si kwa kunong'ona, si kwa kuzunguka, si kwenye sala. Ameniuliza mara mbili mbona wewe na mimi tumekuwa kama watu wa ofisi moja. Nimemwambia ni mambo ya safari. Hilo ni lako, ulilinde au ulitoe, mwaka huu au mwaka wowote, au usilitoe kabisa. Anakupenda mpaka anabandika karatasi kwenye friji. Vilevile alicheka kuliko wote siku zile za Simiyu. Nimeishi naye miaka ishirini na moja na sijui atasema nini, na nisingependa ulijue hilo kwa mara ya kwanza kupitia simu, ukiwa peke yako kwenye chumba cha bweni.

Basi siku ukiamua, nipigie mimi kwanza. Nikiwa kazini waambie ni mwanangu, watanitoa wodini. Nipe muda wa kufika nyumbani na kuketi karibu naye, ndipo umpigie. Kama neno la kwanza litakalomtoka ni baya, nitaweka mkono wangu juu ya simu, na neno hilo litanipata mimi.

Mama yako